Kiingereza cha Kuombea Maji: Mwongozo Kamili wa Kujifunza Maneno na Kauli za Kila Siku

Mgeni alifika kaunta na begi mgongoni, jasho linamtiririka, akaniuliza: "You don't have any rooms?" Ulikuwa mwezi wangu wa pili kazini, mapokezi katika gesti moja ndogo Bagamoyo, na vyumba vyote vilikuwa vimejaa. Nikamjibu kwa adabu zote: "Yes." Akatabasamu, akashusha begi, akaketi kusubiri ufunguo. Nami nikabaki namtazama, nikijiuliza mbona haondoki na nimekwisha kumwambia hatuna chumba.

Wakati huo nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Nilijua "photosynthesis", nilijua "colonialism", na niliweza kuyaandika yote mawili bila kukosea herufi. Kilichoniangusha ni "yes". Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za serikali Tanzania tulikutana na Kiingereza kwa nguvu pale kidato cha kwanza, kikiwa kimevaa joho la masomo: jiografia, baiolojia, historia. Kile cha kuulizia chenji na kuagiza chai hakuna aliyetufundisha, maana hakitoki kwenye mtihani.

Siku hizi nafundisha watu wazima jioni: wahudumu, madereva wa bodaboda, mafundi, wauza vinyago. Kila anayekuja ananiambia maneno yake ni machache, nimpe orodha. Orodha zipo. Mwalimu Mwingereza Michael West, aliyefundisha miaka mingi Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi, na maneno hayo hubeba karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Mtu aliyefika kidato cha pili anayajua mengi kati ya hayo. Kinachomkwamisha ni kwamba ameyahifadhi moja moja, kama misumari kwenye kopo, na anapotaka kusema anayapanga kwa ramani ya Kiswahili.

Watu hucheka Kiingereza cha kuombea maji. Mimi nawaambia wanafunzi wangu tuanzie hapo hapo, ila hayo maji tuyaombe vizuri.

Hatua ya kwanza: iandike siku yako kwa Kiswahili

Tafuta daftari, kamusi iache ilipo. Kaa jioni moja uandike sentensi thelathini ulizotamka kwa kinywa chako tangu asubuhi. Usitunge, kumbuka. Fundi simu ataandika "Kioo kimepasuka" na "Njoo kesho jioni". Mama lishe ataandika "Chakula bado kidogo" na "Chumvi imezidi?" Kondakta yeye ana zake, na nyingine haziandikiki.

Hizo thelathini ndizo silabasi yako. Mtu huzungumza mambo yale yale kila siku, na ukizipata sentensi hizo kwa Kiingereza umeshika sehemu kubwa ya mazungumzo yako. Ukianza na orodha ya majina ya wanyama au matunda, utajua "giraffe" na bado utashindwa kumwambia mteja asubiri kidogo.

Sasa tafuta kila sentensi husemwaje, nzima nzima. Hapa ndipo utaona kufasiri neno kwa neno kunavyopotosha. "Simu imezima chaji" kwa Kiingereza ni "My phone's dead", yaani simu yangu imekufa. "Nimechelewa kwa foleni" ni "I got stuck in traffic", kana kwamba mtu alinasa kwenye tope. "Naomba kupita" ni "Excuse me" tu. "Chumvi imezidi" ni "It's too salty". "Bei ya mwisho ngapi?" ni "What's your best price?" Hakuna neno "mwisho" hapo, na usilitafute.

Huna mtu wa kumuuliza? Programu ya kutafsiri kwenye simu itakupa pa kuanzia, lakini usiiamini moja kwa moja. Chukua sentensi ya Kiingereza iliyokupa, iweke ndani ya alama za kunukuu, uitafute mtandaoni. Ukikuta watu wengi wanaitumia hivyo hivyo, ichukue. Ukipata matokeo mawili matatu, au sifuri, jua mashine imetunga.

Hatua ya pili: fua Kiingereza ulichonacho tayari

Kiswahili kimekopa maneno mengi ya Kiingereza, kikayavika irabu mwishoni na kuyapa uraia. Sweta, shati, soksi, risiti, betri, friji, biskuti, tochi, feni, dereva, breki, spana. Vua irabu ya mwisho, rekebisha matamshi, neno limerudi kwao. Hii ni mali uliyozaliwa nayo, na mzungumzaji wa lugha nyingine angeilipia.

Shida ni yale yaliyobadili tabia njiani. Kiplefti kilitokana na kibao kilichowaamuru madereva washike kushoto, lakini ukimwambia Mwingereza mkutane kwenye "keep left" hatajua ni wapi. Yeye huita "roundabout". Trafiki kwetu ni askari wa barabarani, kwao "traffic" ni wingi wa magari, na askari ni "traffic police". Sheli ni jina la kampuni moja ya mafuta lililogeuka jina la vituo vyote, kwa hiyo sema "petrol station". Stendi ni "bus station". Steringi wa filamu ni "the main actor". Hoteli kwa watu wengi huku ni mahali pa kula, lakini kwao "hotel" ni pa kulala. Ukitaka kumkaribisha mwenzako chakula cha mchana, hasa kama ni wa jinsia nyingine, sema "restaurant" uepuke maelezo. Na gesti! Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniandikia "I slept in a guest". Neno "guest" ni mgeni. Alitaka kusema "guest house", akajikuta amelala ndani ya mtu.

Koki ya maji iite "tap". Usijaribu kulirudisha neno lenyewe kwenye asili yake.

Kitu kimoja zaidi kuhusu mali hii. Sisi tulikopa kwa Waingereza, si kwa Wamarekani. Ukienda Marekani, au mgeni wako akitoka huko, tochi yake ni "flashlight", lori lake ni "truck", petroli yake ni "gas", lifti ya jengo ni "elevator", buti ya gari ni "trunk", na boneti ni "hood". Chipsi anaziita "fries", na ukimpa "chips" atategemea vile vikavu vya kwenye pakiti. Hakuna anayekosea hapo. Chagua upande mmoja wa kusema, mwingine uujue wa kusikia.

Hatua ya tatu: jua Kiswahili kinakuvutia wapi

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote, kwa sababu makosa yetu mengi hayatokani na kutojua Kiingereza. Yanatokana na kujua Kiswahili vizuri.

Tuanze na ule "yes" wangu. Ukiniuliza "Huna chumba?" nami sina, nitajibu "Ndiyo", maana yake umesema kweli, sina. Mswahili anaitikia kauli ya mwenzake. Mwingereza anaangalia jambo lenyewe: kama chumba hakipo jibu ni "No", hata swali liwe limeulizwa kwa kukanusha. Njia ya kujiokoa ni kutojibu kwa neno moja. Sema "No, we don't" au "Yes, we do". Ile sehemu ya pili itakulinda hata ukiteleza kwenye ya kwanza.

Halafu saa. Saa mbili asubuhi ni "eight o'clock", saa nne ni "ten". Tofauti ni sita daima, na kila mtu huku anajua. Kujua siyo tatizo, tatizo ni ulimi unapokuwa na haraka. Niliwahi kuwaambia wageni gari linaondoka "at one o'clock" nikimaanisha saa moja asubuhi. Saa moja ilipofika dereva alikuwa anapiga honi, wao wamelala fofofo, na sikuwa na wa kumlaumu. Tangu siku hiyo kila ninapotaja muda kwa mgeni nauandika pia kwenye karatasi kwa tarakimu, na naongeza "in the morning". Na mpaka wa siku nao uangalie: usiku wa kuamkia Ijumaa kwao ni "Thursday night", kwa kuwa siku yao inaanza katikati ya usiku na jua halina neno.

"Pole" ni mtihani mwingine. Hatuna neno tamu kama hili, na Kiingereza hakina mfano wake. Mtu akijikwaa mbele yako ukamwambia "Sorry!", anaweza kukujibu "It's not your fault", kwa kudhani unaomba radhi kwa kosa lako. Kwa hiyo "pole" inabidi uigawe kulingana na tukio. Aliyejikwaa au kuanguka muulize "Are you okay?" Aliyekuambia habari mbaya mjibu "I'm sorry to hear that". Mgonjwa mwambie "Get well soon". Mfiwa, "I'm so sorry for your loss". Aliyetoka safari muulize "How was your trip?" na aliyechoka na kazi mwambie "You must be tired". Pole na kazi, kama tunavyoisema sisi tukipita shambani kwa mtu, haipo. Utaikosa, nami naikosa.

Kuazima kwetu ni kote kuwili: naazima kwako, nawe unaniazima. Kiingereza kimetenganisha, na hapo wengi huchanganya "borrow" na "lend". Ufunguo upo katika pesa, kwa sababu kwenye pesa Kiswahili nacho kimetenganisha. "Borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. Ukikwama mbele ya kalamu, jiulize ingekuwa ni shilingi ungesemaje. "Can I borrow your pen?" ni mimi nakopa. "Can you lend me your pen?" ni wewe unanikopesha.

Kusikia kwetu kunafanya kazi nyingi: nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia harufu. "Hear" ya Kiingereza ni ya masikio peke yake. Hivyo "I'm hungry", "I'm cold", "I can smell something". Redio hatuifungui, "we turn it on". Umri hatuna, tupo: "I'm 25". Mtu anayeondoka akisema "Naja", akimaanisha anarudi sasa hivi, asiseme "I'm coming" huku anaenda, maana mgeni atashangaa anakuja huku amempa mgongo. Aseme "I'll be right back". Na rafiki tuliyepotezana naye tusimwambie "You are lost", kwani atatazama vibao vya barabara. Tumwambie "I haven't seen you for ages".

Mwili pia una mitego midogo yenye madhara makubwa, hasa hospitalini. Mkono wetu ni mmoja kuanzia begani hadi kwenye kucha, lakini wao wana "arm" kuanzia begani hadi kwenye kifundo, halafu "hand" kuanzia kifundo kwenda kwenye vidole. Mguu ni "leg" juu na "foot" chini. Vidole vya mkono ni "fingers", vya mguu ni "toes". Kuumwa kichwa ni "I have a headache", tumbo ni "I have a stomach ache". Wauguzi wetu watakuelewa ukisema vyovyote. Wa nje huenda wasikuelewe.

Yaliyobaki nayataja mbio. "Yeye" ni "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke, na dawa yake ni kumwona mtu kwa macho ya akili kabla ya kumtaja. Kiambishi "-na-" kinakushawishi useme "I am knowing", lakini "know", "want", "like" na "understand" hayapendi mkia wa "-ing". Mtoto wa shangazi, wa mjomba, wa baba mdogo na wa mama mkubwa wote ni "cousin", na ndiyo, inasikitisha kidogo.

Hatua ya nne: jifunze adabu yao, usiihamishe yako

Tunasema "Naomba maji", na heshima yote imo katika kile kitenzi. Ukikifasiri utapata "I beg water", ambayo inakufanya ombaomba. Ukisema "Give me water" utaonekana unamwamrisha mtu, hata kama usoni unatabasamu. Adabu ya Kiingereza imejificha katika swali: "Can I have some water, please?" Sentensi hii ishike kwa nguvu, kwa kuwa ukiondoa maji unaweza kuweka chochote: "Can I have the bill, please?", "Can I have my change, please?" Ukitaka mtu akufanyie jambo, "Could you help me with this bag?" Ukitaka kuagiza, "I'd like a coffee", si "I want".

Salamu nazo. Sisi tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi, na asiyeuliza ana lake jambo. Kwao "How are you?" hujibiwa "Fine, thanks. And you?" kisha yanaanza mazungumzo. Usimweleze mgongo unaokuuma. Mwingereza akikuuliza "You all right?" usijishike usoni kutafuta una kasoro gani, hiyo ni salamu tu. "See you later" siyo ahadi ya kuonana jioni. "Good night" ni ya kuagana, kwa hiyo ukiingia mahali saa mbili usiku sema "Good evening". Shikamoo haina mwenzake, na mzee wao hatakasirika usipoitoa.

Hatua ya tano: vitenzi vidogo vyenye kazi nyingi

Wanafunzi hukata tamaa wakifika kwenye "get up", "get off", "put on", "run out of". Wanasema Kiingereza hakina utaratibu. Huwa nawauliza: "piga" maana yake nini? Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga picha, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga chafya, tunapiga magoti. Hapo hakuna aliyepigwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili hulia na neno hili kama wewe unavyolia na "get". Kitenzi chepesi hupata maana kutoka kwa anayetembea naye, na wewe ni mzoefu wa jambo hilo tangu utotoni.

Kwa hiyo usijifunze "get" ina maana ngapi. Jifunze akiwa na mwenzake: "get home" kufika nyumbani, "get wet" kulowa, "get lost" kupotea njia, "get married" kuoa au kuolewa, "get up" kuamka na kutoka kitandani, "get off" kushuka kwenye basi. Yale maneno madogo ya mwisho, "up", "off", "out", "on", yafikirie kama viambishi vyetu. "Tazama" ni "look at", "tafuta" ni "look for", "tunza" ni "look after": shina moja, mkia tofauti, kama vile "lia" na "lilia", au "funga" na "fungua", zinavyotofautiana kwa herufi chache tu.

Kumi za kuanza nazo, zote ndani ya sentensi. "I get up at six." "Put on your helmet", kwa bodaboda. "Take off your shoes", kwa mlangoni. "Turn on the light" na "Turn off the fan". "I'll pick you up at the airport", nitakupitia au nitakuja kukuchukua. "Drop me off here", nishushe hapa. "We've run out of sugar", sukari imetuishia. "I'm looking for my key." Na "Give it back", ambayo kwa wenye watoto wawili haihitaji maelezo.

Hatua ya sita: mdomo

Mpwani anayetofautisha "thamani", "dhahabu" na "tamaa" bila kufikiri tayari ana sauti mbili ambazo Wafaransa na Wajerumani huzihangaikia: ile ya "think" na ile ya "this". Kama wewe unasema "samani" kwa "thamani", anza hapo kwa Kiswahili kwanza, kitakusaidia kotekote.

Kazi ngumu ni irabu. Sisi tunazo tano, safi, hazibadiliki. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu karibu ishirini na herufi tano za kuziandikia, ndiyo maana maandishi yake hayaaminiki. Kwa masikio yetu "cat", "cut" na "cart" yote ni kat. "Ship" na "sheep" yote ni ship. Mazoezi yanayosaidia ni ya wawili wawili: sikiliza maneno hayo katika kamusi yenye sauti, funga macho, mwenzako abonyeze moja, wewe utaje ni lipi. Usikimbilie kutamka kabla sikio halijatofautisha.

Halafu mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa, nasi tunakibebea Kiingereza desturi hiyo hiyo. Lakini "hotel" hukaziwa mwisho, "police" mwisho, "comfortable" mwanzo kabisa na katikati yake humezwa. Mkazo ukikosewa msikilizaji hupotea zaidi kuliko irabu ikikosewa. Basi ukiandika neno jipya daftarini, pigia mstari silabi yenye nguvu. Na usitie irabu mahali ambapo hakuna: "milk" isiwe miliki, "school" isiwe sukuli.

Hatua ya saba: sanduku la viatu

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: kitu kipya husahaulika kwa kasi zaidi mwanzoni kabisa, kisha kasi hupungua. Mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972 alieleza njia rahisi ya kupambana na hali hiyo kwa kadi na sanduku. Zipo programu za simu zinazofanya hivyo, lakini mimi napenda manila. Nunua shiti moja, ikate vipande vya ukubwa wa karata, tafuta sanduku la viatu uligawe vyumba vitano.

Upande mmoja wa kadi andika Kiswahili pamoja na mazingira: "Sukari imetuishia, mteja anasubiri chai." Upande wa pili Kiingereza kizima. Usiandike neno peke yake. Kadi mpya huingia chumba cha kwanza, unachokipitia kila siku. Ukipatia bila kuchungulia, kadi inahamia cha pili, cha kila baada ya siku tatu. Cha tatu ni cha kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano kila mwezi. Ukikosea, popote ilipo, kadi inarudi cha kwanza, bila huruma. Soma Kiswahili utamke Kiingereza kwa sauti. Kusoma kimya hakuhesabiki.

Kadi saba mpya kwa siku zinatosha, na siku moja ya wiki usiongeze, pitia tu. Katika miezi mitatu utakuwa na sentensi zaidi ya 500. Anayeanza na kadi arobaini kwa siku huwa simwoni tena baada ya wiki ya pili.

Hatua ya nane: sema kabla hujawa tayari

Sikiliza kitu kilicho chini kidogo ya uwezo wako. BBC ilianza kufundisha Kiingereza redioni mwaka 1943, na VOA, redio ya Marekani, ilianza Oktoba 1959 kutangaza kwa Kiingereza cha polepole chenye msamiati wa maneno kama 1,500. Vipindi vya aina hiyo vimejaa mtandaoni. Chukua dakika moja tu ya sauti. Sikiliza, simamisha, rudia kama kasuku ukiiga hadi pumzi zake. Dakika moja ukiirudia mara kumi inazidi saa nzima ya filamu inayopita huku unakula.

Kisha tafuta mwenzako mmoja anayejifunza pia, mkubaliane nusu saa kwa siku mnatema ung'eng'e, hata mkiwa mnamenya viazi. Mtachekwa. Huku kwetu mtu akivunja Kiingereza anachekwa na watu ambao wenyewe hawajathubutu kufungua mdomo, na wageni wenyewe wala hawacheki. Siku ya kwanza jirekodi kwenye simu dakika moja ukieleza siku yako ilivyokwenda. Usiifute. Utarekodi nyingine siku ya 90.

Na uwe na sentensi za kujiokolea, uzijue hata usingizini: "Sorry, could you say that again?", "Could you speak more slowly, please?", "What do you call this?" Ya mwisho na yenye nguvu kuliko zote ni ile ya kuzunguka neno usilolijua: "I don't know the word, but it's the thing you use for..." kisha ueleze kazi yake.

Niliitumia siku mgeni aliponikuta uani nasaidia jikoni. Alitaka kujua nimekalia nini. Sikujua mbuzi ya kukunia nazi inaitwaje kwao, nikamwambia ni kigoda kidogo chenye meno, "the thing you use for scraping coconut". Akaelewa papo hapo. Akauliza sisi tunakiitaje, nikamtajia. Akaandika neno hilo kwenye simu yake, akasoma, akakitazama kigoda, akanitazama mimi.

"Goat?"

"Yes," nikamwambia. "Yes, it is."